Dhoruba, ziwa na msimu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu tabianchi Kanda ya Ziwa

Maswali haya hayakutungwa mezani. Mengine yaliulizwa Kirumba, hapa Mwanza, watu wakisubiri mitumbwi, mengine kwenye kikao cha mtaa baada ya maji kuingia ndani ya nyumba, na mengine yaliulizwa na wanafunzi waliotaka jibu la mistari miwili wakapata la kurasa mbili. Karibu yote yanazunguka jambo moja: dhoruba na mafuriko ndiyo mabadiliko ya tabianchi, au kuna kingine? Pale jibu lilipokuwa fupi, nimeliacha fupi.

Hali ya hewa na tabianchi si kitu kimoja?

Hapana. Hali ya hewa ni ya leo: mvua iliyonyesha Igombe alfajiri, upepo uliochelewesha kivuko cha Kamanga. Tabianchi ni mwenendo wa hali hiyo kwa miaka mingi, na kwa kawaida wataalamu huchukua miaka 30 ndipo waseme "hapa ndivyo palivyo". Mvua moja haithibitishi kitu, na kiangazi kimoja hakikanushi kitu.

Basi mafuriko na dhoruba ndiyo mabadiliko ya tabianchi yenyewe?

Ni sehemu yake. Kati ya 2011 na 2020 dunia ilikuwa na joto zaidi kwa takriban nyuzijoto 1.1 za Selsiasi kuliko ilivyokuwa kati ya 1850 na 1900, na 2024 ukawa mwaka wa kwanza ambao wastani wake uliuzidi ule wa zamani kwa zaidi ya nyuzijoto 1.5. Joto hilo lina watoto wengi. Wapo wanaokuja kwa kishindo: mvua kubwa ya siku moja, dhoruba, ukame mkali. Wapo wanaoingia kimyakimya: maji ya ziwa kupata joto, msimu kusogea, barafu ya Kilimanjaro kuyeyuka (zaidi ya asilimia 80 ya eneo lililokuwa na barafu mwaka 1912 sasa ni mwamba mtupu), bahari kupanda na kula fukwe za Dar es Salaam na Zanzibar. Wale wa kishindo ndio wanaoingia kwenye taarifa ya habari ya saa mbili usiku.

Uhusiano wao na joto si uganga. Kila nyuzijoto moja ikiongezeka, hewa inaweza kubeba mvuke zaidi kwa karibu asilimia 7. Wingu likiamua kumwaga, lina zaidi cha kumwaga.

Ziwa limepanda kwa sababu bahari inapanda?

Hapana, ingawa swali hili nimeulizwa kuliko yote, tena na watu waliosoma. Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari. Bahari ikipanda mita nzima, sisi Mwanza tutaijua kwa bei ya bidhaa zinazopitia bandari ya Dar es Salaam, si kwa maji kufika mlangoni.

Sasa nini kililipandisha mwaka 2020, halafu tena 2024?

Mvua. Lakini si mvua ya mito, kama wengi wanavyodhani. Asilimia 80 hivi ya maji yanayoingia Ziwa Victoria hunyesha moja kwa moja juu yake. Kagera, Mara, Simiyu na mito mingine yote kwa pamoja huleta kilichobaki. Na kutoka, maji mengi hupaa kama mvuke. Mlango wa chini ni mmoja tu, Jinja nchini Uganda, ambako Nile inaanza safari. Fikiria sinia, usifikirie mtungi: eneo la karibu kilomita za mraba 69,000, na kina cha wastani cha mita 40 tu. Mvua ikizidi mvuke kwa miezi kadhaa mfululizo, sinia linafurika.

Mwishoni mwa 2019 Bahari ya Hindi ilikuwa na joto kupita kawaida upande wetu wa Afrika, na baridi kuliko kawaida upande wa Indonesia. Hali hiyo huitwa Dipoli ya Bahari ya Hindi, na ile ya 2019 ilikuwa miongoni mwa zenye nguvu zaidi zilizowahi kupimwa. Vuli ikamwaga, masika yakaongezea. Mei 2020 kipimo cha Jinja kikapita kwa kidole tu rekodi ya 1964, iliyotokana na mvua kubwa zilizoanza 1961. Mialo, yaani vituo vya kushushia samaki, ikazama, vyoo vya ufukweni vikaingiliwa na maji, watu wakahamisha vichanja vya dagaa. Kisha ikaja El Nino ya 2023 (maji ya Bahari ya Pasifiki kupata joto kupita kawaida) pamoja na Dipoli nyingine, na kufika Mei 2024 rekodi ya 2020 nayo ikavunjwa.

Mkono wa tabianchi uko wapi hapo? Utafiti uliochapishwa 2024 uliangalia hasa kupanda kule kwa 2020. Ulikadiria kwamba joto lililosababishwa na binadamu lilifanya tukio la namna ile liwe na uwezekano wa kutokea mara 1.8 zaidi, na kwamba liliongeza sentimita 7 hivi kwenye kimo cha maji. Sentimita 7, katika kupanda kwa zaidi ya mita moja.

Naipenda sana namba hiyo, kwa sababu haimpendezi mtu yeyote. Anayesema "yote ni tabianchi" inamwambia kwamba ziwa lingepanda tu, kama lilivyopanda enzi za babu zetu. Anayesema "ni mambo ya Mungu, yalikuwepo zamani" inamwambia kwamba kuna mkono mwingine umeongezea. Na aliyejenga ufukweni anajua vizuri tofauti ya maji yanayoishia kwenye kizingiti na maji yaliyopita kizingiti kwa sentimita saba.

Mbona mwaka 2006 ziwa lilishuka? Si lilitakiwa kupanda?

Lilishuka hadi kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana kwa miongo mingi. Palikuwa na ukame, na wakati huohuo mabwawa ya umeme ya Jinja yalikuwa yakiruhusu maji mengi kuliko makubaliano ya zamani yalivyotaka. Ukame na malango ya bwawa, vyote viwili. Kimo cha ziwa ni hesabu yenye watu wengi mezani, kwa hiyo usilitumie ziwa kama kipimajoto cha dunia. Hata hivyo zaidi ya miaka 15,000 iliyopita liliwahi kukauka kabisa, na wakati huo hakukuwa na bwawa wala kiwanda.

Kwa nini dhoruba kali za ziwani hupiga usiku?

Hapa tukae kidogo, maana ndipo watu wetu wanapofia.

Mchana jua likiwaka, nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji. Hewa ya nchi kavu hupanda, na upepo huvuma kutoka ziwani kwenda kujaza nafasi. Ndiyo maana alasiri mawingu hujengeka juu ya vilima na mashamba, na mvua hupiga huko. Usiku mambo hugeuka. Nchi kavu imepoa, ziwa bado lina uvuguvugu wake. Sasa upepo unatoka nchi kavu kuelekea ziwani, tena si kutoka upande mmoja: unatoka Mwanza, Musoma, Kisumu, Entebbe, Bukoba, kote kwa pamoja. Ukikutana huko katikati hauna pa kwenda isipokuwa juu, ukiwa umebeba mvuke wa ziwa zima. Hapo ndipo radi zinapozaliwa, kati ya usiku wa manane na alfajiri.

Sasa tazama nani yuko majini saa hizo. Mvuvi wa dagaa. Anatoka usiku wa giza, mbalamwezi ikiwa imeisha, kwa sababu dagaa hufuata taa yake. Zamani karabai, siku hizi taa za sola. Kazi yake na dhoruba vina ratiba moja. Watu wanaokufa maji katika ziwa hili kila mwaka, kwa nchi zote tatu, hukadiriwa kuwa kati ya 3,000 na 5,000. Ni makadirio, kwa sababu mtu akipotea kisiwani mara nyingi hakuna karatasi inayoandikwa.

Utafiti wa mwaka 2016 uliotumia modeli za hewa, yaani hesabu za kompyuta zinazoiga hali ya hewa, ulionyesha kwamba joto likizidi, dhoruba kali juu ya ziwa zitaongezeka nguvu kuliko zile za nchi kavu inayolizunguka. Gesijoto, yaani gesi zinazozuia joto lisitoke duniani, zikiendelea kutolewa kwa wingi, dhoruba ambayo leo ingetokea mara moja kwa miaka 15 inaweza kuwa ya karibu kila mwaka mwishoni mwa karne hii. Watafiti haohao waligundua jambo jingine lenye faida ya leo leo: radi nyingi juu ya nchi kavu alasiri ni dalili ya dhoruba ziwani usiku unaofuata. Wazee niliowasimulia hawakushangaa hata kidogo. Mmoja wa Kayenze aliniambia, "Mwanangu, kwa hilo walihitaji setilaiti?"

Ajali za MV Bukoba na MV Nyerere je, nazo ni tabianchi?

Hapana. MV Bukoba iliyozama 21 Mei 1996 na MV Nyerere iliyopinduka karibu na Ukara 20 Septemba 2018 zilikuwa zimebeba watu kupita uwezo. Mengine ni ya kwetu wenyewe, na kuyaita tabianchi ni kuwafichia waliohusika.

Mafuriko ya Mto Mirongo ni tabianchi au ni taka?

Ni taka, ni ujenzi, ni mvua, na ni umbo la mji wenyewe. Mwanza ni mji wa mawe. Mvua ikipiga mlima wenye mwamba na mabati, hakuna udongo wa kunywa maji. Yote yanateremka kwa dakika chache kutafuta Mirongo. Mirongo nao umebanwa kwa nyumba, umejaa chupa za plastiki, na mchanga umeinua kitanda chake. Mvua ambayo mwaka 1980 ingepita chini ya daraja leo inapita sebuleni.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, huita "mvua kubwa" ile inayozidi milimita 50 kwa saa 24. Kwa mji wetu naona swali si jumla ya saa 24, ni jumla ya dakika 40. Nina kopo la kupimia mvua uani kwangu Nyakato, na mvua iliyonitia hofu kuliko zote haikujaza hata milimita 45, ila ilishuka yote kabla sufuria ya wali haijakauka maji. Mvua za kasi namna hiyo ndizo zinazotarajiwa kuongezeka dunia ikipata joto. Kuzibua mtaro hakupunguzi joto la dunia, lakini kunapunguza maji sebuleni, na mtaro uko karibu.

Mnasema mvua itaongezeka. Mbona mkulima wa Kwimba anaona masika yanapungua?

Mkulima yuko sahihi, na aliyeandika kwamba mvua itaongezeka huenda naye yuko sahihi. Wanasayansi wenyewe wamelipa jambo hili jina la kitendawili cha tabianchi cha Afrika Mashariki. Tangu miaka ya 1980 hadi karibu 2010, mvua za Machi hadi Mei katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki zilikuwa zikipungua, wakati modeli nyingi zikitabiri kuongezeka. Sehemu ya maelezo iliyopatikana ni rahisi kueleweka shambani: msimu ulikuwa ukichelewa kuanza na kuwahi kuisha. Vuli kwa upande wake hupanda na kushuka kufuatana na Bahari ya Hindi, na ikikolea inakolea kweli. Vikundi vya watafiti vinavyochunguza matukio haraka vilikadiria kwamba mvua za Oktoba hadi Desemba 2023 zilikuwa nzito zaidi kwa sababu ya tabianchi, pengine hadi mara mbili. Huo ndio msimu ambao tope la Mlima Hanang liliangukia Katesh, tarehe 3 Desemba.

Lakini mkulima hali jumla ya milimita. Mahindi yanataka maji siku za kuchanua na kubeba gunzi. Yakipata milimita mia kwa siku mbili halafu wiki tatu kavu, takwimu ya mwezi itaonekana nzuri na ghala litakuwa tupu. Mpunga wenye majaruba utahimili zaidi, mtama pia, mihogo zaidi ya yote. Bibi zetu wa Usukuma waliokuwa wakikausha viazi vitamu kuwa michembe na matobolwa hawakuwa na neno tabianchi. Walikuwa na kumbukumbu ya njaa.

Na kuna jambo ambalo watu husahau: ukame si uhaba wa mvua peke yake. Mvua zilipokosekana misimu mitano mfululizo Pembe ya Afrika, kuanzia mwishoni mwa 2020, watafiti waliona kwamba joto lilikuwa mhusika mkuu, kwa sababu lilikausha udongo na majani haraka kuliko zamani. Kiasi kilekile cha mvua, kikinyesha kwenye dunia yenye joto zaidi, kinafika kwenye mzizi kikiwa kimepungua.

Samaki wamepungua kwa sababu ya joto?

Kwa kiasi, lakini usianze na joto. Anza na kokoro, wavu unaokokotwa hadi ufukweni, anza na nyavu za timba, zile za uzi wa plastiki, anza na mitumbwi ambayo imeongezeka. Kisha weka majitaka na mbolea zinazoingia na kulisha mwani hadi ghuba zinakuwa kijani kama mchicha. Mwani ukifa unaoza, na kuoza kunakula oksijeni.

Joto linaingia hapo kama mchochezi. Maji ya juu yakipata joto yanakuwa mepesi na kukaa juu ya yale ya baridi kama mafuta juu ya mchuzi. Hayachanganyiki, na maji ya chini yanabaki bila hewa. Kwa kawaida upepo wa Juni hadi Agosti ndio unaokoroga ziwa hili kutoka juu hadi chini. Ukilinganisha na vipimo vilivyochukuliwa katika utafiti wa uvuvi wa 1927 na 1928, maji ya chini sasa yana joto zaidi na eneo lisilo na oksijeni limepanuka sana. Sangara anahitaji hewa nyingi. Nafasi yake ya kuishi inabanwa kutoka chini.

Wenye vizimba vya kufugia samaki mnisikilize hapa. Siku upepo mkali ukiinua ghafla yale maji ya chini yasiyo na hewa, samaki huru atakimbia. Wa kizimbani hana mlango. Jambo lililojengeka kwa miaka mingi linakumaliza kwa usiku mmoja.

Na gugumaji?

Lilionekana ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980. Linastawi kwa rutuba ya majitaka na mbolea, joto linalipenda, na mafuriko hung'oa mashamba yake mitoni na kuyaleta kwetu. Tabianchi inalisaidia, haikulileta.

Magonjwa?

Mafuriko huleta kipindupindu pale vyoo vinapochanganyika na visima. Mbu wa malaria hufuata madimbwi, na joto linamsaidia kupanda hadi vilima ambavyo zamani vilikuwa baridi mno kwake. Kichocho kinategemea konokono wa ufukweni. Ziwa likisogea hadi kwenye nyasi za nyuma ya nyumba, mtoto hahitaji tena kwenda mbali kukutana naye.

Kati ya dhoruba na mabadiliko ya polepole, kipi kibaya zaidi?

Inategemea unamuuliza nani. Mvuvi anayesukuma mtumbwi leo saa kumi na mbili jioni atasema dhoruba, na sitabishana naye. Mama anayeanika dagaa atakwambia mvua ndogo tu isiyo ya msimu, siku tatu za mawingu, mtaji umeoza. Hakuna gazeti litakaloandika hilo.

Mimi naegemea upande wa polepole, kwa sababu moja ya kiserikali kabisa. Nyumba zikibomoka kwa dhoruba, mkuu wa wilaya anafika, mablanketi na unga vinafika. Masika yakichelewa wiki tatu, hakuna anayefika. Hasara inagawanywa kwa kaya elfu moja moja, kila moja ikidhani ni bahati yake mbaya. Mkulima anauza ng'ombe mmoja mwaka huu, mwingine mwaka kesho, na siku dhoruba ikija hana cha kuuza.

Na ndipo ulinganisho wenyewe unapoanza kuvunjika. Mtumbwi ambao mbao zake zimeoza ndani kwa ndani unaweza kuelea miaka miwili. Siku wimbi likiupasua, tutasema wimbi limeua. Ziwa lililokwisha panda mita moja huufanya upepo wa kawaida kuwa mafuriko. Udongo uliokaushwa na joto hulifanya jua la kawaida kuwa ukame.

Sisi tunachangia kiasi gani?

Bara zima la Afrika linatoa chini ya asilimia 4 ya hewa ukaa duniani, na Tanzania ni chembe ndani ya hiyo. Hewa ukaa imepanda kutoka sehemu 280 hivi kwa milioni kabla ya viwanda hadi zaidi ya 420 sasa, na si kwa mkaa wa Mabatini. Mwaka 2022, kwenye mkutano wa Sharm el-Sheikh, nchi zilikubaliana kuanzisha mfuko wa hasara na uharibifu kwa nchi zinazoumia. Mkaa tuupunguze, lakini kwa sababu zetu: vilima vikiwa uchi, Mirongo unajaa mchanga.

Rangi za TMA zina maana gani?

Njano ni angalizo, chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Kwa mvuvi mwenye mtumbwi wa kasia, njano inatosha kubaki nyumbani. Rangi zimepangwa kwa ajili ya wote, na mtumbwi wako si meli.

Kimbunga kinaweza kufika Mwanza?

Kimbunga cha bahari hupata nguvu kwa maji ya joto ya bahari, na kikipanda nchi kavu hufa. Hidaya iliyopiga Mafia Mei 2024 ilidhoofika mara baada ya kugusa ardhi. Kinachoweza kutufikia ni athari yake tu: kimbunga kilicho mbali kinaweza kutuvutia unyevunyevu au kutunyima.

Ule mkia wa wingu unaoshuka na kunyonya ziwa si kimbunga?

Hapana, huo ni mzunguko mdogo wa upepo chini ya wingu linalokua, hudumu dakika chache, na ulikuwepo tangu kale. Haunyonyi samaki wa ziwa kama watoto wanavyoambiwa, ila mtumbwi unaupindua. Ukiuona, usishindane nao kwa kukimbia mbele yake. Angalia unaelekea wapi, kisha kata pembeni.